Kabla ya Kulipa Karo ya Uuguzi, Uliza Cheo Kiko Wapi

Kila matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa, nyumba nyingi za hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hurudia mjadala uleule. Mtoto amefaulu masomo ya sayansi, wazazi wanataka awe muuguzi, na sasa ndugu wanabishana kuhusu kiwango cha kuanzia: cheti, diploma au shahada. Kwa kuwa nimeifanya kazi hii kwa muda mrefu, na kwa kuwa nimepita katika ngazi zote tatu, jamaa na majirani huniletea swali hilo kana kwamba mimi ndiye Baraza la Wauguzi lenyewe. Jibu langu huwaudhi baadhi yao. Wao hutaka kusikia kwamba karatasi kubwa ndiyo bora. Mimi huwauliza karatasi hiyo itapokelewa na nani, katika cheo gani, na nani atamlisha mwanafunzi wakati anaitafuta.

Tuanze na jinsi ngazi zenyewe zilivyopangwa, maana wengi huzichanganya. Uuguzi wa Uganda unasimamiwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1996, na mtu asiyekuwamo katika vitabu vya baraza hilo hana ruhusa ya kumhudumia mgonjwa kama muuguzi, hata akiwa na vyeti vya kujaza sanduku. Daraja la kwanza ni la cheti. Mwanafunzi huingia baada ya S4, yaani kidato cha nne, akiwa amefaulu Biolojia, Kemia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza, husoma miaka miwili na nusu, na akimaliza huandikwa katika orodha ya wauguzi wa cheti. Daraja la pili ni la diploma, na hapo ndipo jina la muuguzi aliyesajiliwa huanzia. Diploma ina milango miwili: anayetoka S6, yaani kidato cha sita, akiwa na alama za kutosha za sayansi, hasa Biolojia na Kemia, husoma miaka mitatu; na muuguzi wa cheti ambaye amekwisha kufanya kazi kwa angalau miaka miwili hurudi shuleni kwa mwaka mmoja na nusu. Daraja la tatu ni shahada ya kwanza, ambayo kwa anayetoka S6 huchukua miaka minne, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi, hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mwenye diploma naye anaweza kuingia chuo kikuu na kuimalizia shahada kwa muda mfupi zaidi, na vyuo vingi humtaka awe na uzoefu wa kazi.

(Wazazi waliosoma zamani wanapaswa kukumbuka kwamba mtaala wa S1 hadi S4 ulibadilishwa kuanzia mwaka 2020, na wanafunzi wa mtaala huo walifanya mtihani wao wa kwanza wa S4 mwaka 2024. Alama za zamani za tarakimu zimekwisha, herufi zimechukua nafasi yake, na kuhesabu nani anastahili kozi gani kwa kutumia hesabu za enzi zetu huleta ugomvi wa bure mezani.)

Mpangilio huu una asili yake. Mafunzo ya uuguzi hapa nchini yalizaliwa hospitalini, tena hospitali za misheni, wala hayakuanzia chuo kikuu. Katharine Timpson, muuguzi kutoka Uingereza, alifika Buganda mwaka 1897 katika msafara mmoja na daktari Albert Cook, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1900, na mama huyo ndiye aliyesimamia mafunzo ya wakunga katika hospitali ya Mengo, Kampala, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nsambya nako, hapohapo Kampala, kulikuwa na Mama Kevin, mtawa wa Kiayalandi aliyekuja mwaka 1903. Kwa miongo mingi iliyofuata, msichana aliyetaka kuwa muuguzi alilala katika bweni la hospitali, akavaa sare ya hospitali, akafundishwa na masista wa wodi, na sehemu kubwa ya masomo yake ikawa ni kazi ambayo hospitali ingelazimika kumlipa mtu mwingine aifanye. Shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1993 tu. Kati ya kufika kwa Timpson na darasa hilo la Makerere kuna karibu miaka mia moja, na katika miaka hiyo yote matroni wa hospitali zetu, wale ambao daktari kijana aliingia wodini kwao akiwa amenyoosha tai yake kwanza, walikuwa watu wa cheti na diploma. Ndiyo maana mpaka leo utasikia kwenye zamu muuguzi mkongwe akisema kwamba hawa wa shahada ni wa vitabu. Kauli hiyo si ya haki, lakini mtu anayeijua historia hii anaelewa ilikotoka.

Sasa tufanye hesabu, maana wazazi wengi hawaifanyi. Chukua wasichana wawili waliomaliza S4 pamoja. Wa kwanza anakwenda S5 na S6, miaka miwili; anaingia chuo kikuu, miaka minne; anafanya utarajali, mwaka mmoja. Miaka saba baada ya S4 yeye ni muuguzi mwenye shahada. Wa pili anachukua cheti kwa miaka miwili na nusu, anafanya kazi miaka miwili, anarudi kwa diploma kwa mwaka mmoja na nusu, anafanya kazi tena miaka miwili, kisha anamalizia shahada kwa muda unaokaribia miaka mitatu. Hiyo ni miaka kumi na moja, na hapo nimechukulia kwamba kila mlango ulifunguka siku alipoubisha, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Kwa kalamu na karatasi, wa kwanza ameshinda kwa miaka minne.

Lakini angalia hiyo miaka kumi na moja ilivyogawanyika. Wa pili alianza kupokea mshahara akiwa bado na umri wa miaka ya ishirini ya mwanzo, wakati mwenzake angali anaomba nauli nyumbani. Ada ya diploma aliilipa mwenyewe, au alilipiwa nusu na hospitali iliyomfunga kwa mkataba wa kuitumikia baadaye, kama hospitali nyingi za misheni zifanyavyo. Ikiwa baba anauza mihogo kwenye soko la mpakani na nyuma ya binti huyu kuna watoto wengine wanne wanaosubiri karo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama wadogo watasoma au hawatasoma. Ninawafahamu wauguzi kadhaa wa cheti ambao wadogo zao ni walimu na wahandisi leo, na ada zote zilitoka kwenye mshahara wa kituo cha afya cha kijijini. Kwa familia ya namna hiyo, kusema kwamba cheti ni njia ya walioshindwa ni matusi.

Kwa upande mwingine, siwezi kumshauri mtoto mwenye alama nzuri za S6 arudi nyuma akaanzie cheti kwa hofu ya gharama kabla hajajaribu milango iliyopo. Vyuo vikuu vya serikali vina nafasi zinazolipiwa na serikali, ingawa ushindani wake ni mkali. Ipo pia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ambayo huyapa kipaumbele masomo ya sayansi. Sisi wa West Nile, eneo hili la Arua, tuna bahati nyingine ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo: Chuo Kikuu cha Muni kiko hapahapa Arua na kinatoa shahada ya uuguzi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kulala kwao na kula chakula cha kwao. Aliyetaka shahada zamani alilazimika kuvuka Nile na kwenda Kampala au Mbarara, na kodi ya chumba peke yake ilitosha kumkatisha tamaa.

Baada ya hesabu hiyo tunafika mahali ambapo watu wengi huumia, na hapa nitakaa kidogo.

Watu hudhani kwamba ukipata karatasi ya juu, cheo na mshahara huja vyenyewe. Katika utumishi wa serikali mambo hayaendi hivyo. Kila kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ina muundo wake wa ajira, unaosema wazi ni nafasi ngapi za wauguzi wa cheti, ngapi za wenye diploma na ngapi za wenye shahada. Kituo cha daraja la pili au la tatu, huko ngazi ya parokia na kata, kimejengwa juu ya wauguzi na wakunga wa cheti, na mwenye diploma huko ni mmoja au wachache sana. Nafasi za wenye shahada ziko zaidi hospitalini, na hata huko si nyingi. Ili upande kutoka daraja moja hadi jingine, ni lazima nafasi iwepo katika muundo, fedha zake ziwe zimetengwa, tume ya utumishi ya wilaya au Tume ya Utumishi wa Afya iitangaze, nawe uombe na kufanyiwa usaili kama mgeni. Diploma uliyoipata mwaka jana haimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote katika hayo.

Matokeo yake ni kwamba nchi hii ina wauguzi wengi wenye diploma wanaolipwa kama watu wa cheti, na wenye shahada wanaolipwa kama watu wa diploma. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilipomaliza shahada nilirudi katika wodi ileile, nikakuta kitanda kilekile cha kona kikiwa na godoro lilelile, nikaendelea kutia sahihi kwenye orodha ya mshahara kwa cheo changu cha zamani, na niliendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Mkuu wa utumishi wa mahali hapo alikuwa muungwana, alisoma vyeti vyangu, akavisifu, akavirudisha kwenye faili na kuniambia, “Sista, hongera sana. Nafasi ikitangazwa, uombe.” Hakusema uongo wala hakunidharau. Muundo ulikuwa hauna mahali pa kuniweka.

Uchungu wa jambo hili uliongezeka baada ya mwaka 2022. Mwaka huo serikali ilipandisha mishahara ya wanasayansi na watumishi wa afya, na ongezeko kwa wenye shahada likawa kubwa kuliko lile la walio chini yao. Muda mfupi kabla ya hapo wauguzi na wakunga walikuwa wamegoma nchi nzima chini ya chama chao, wakidai hasa kwamba ahadi za mishahara zitekelezwe kwao pia. Pengo lililobaki kati ya cheti, diploma na shahada limekuwa pana kiasi kwamba kila mwenye akili anataka kuvuka, na vyuo, vya serikali na vya watu binafsi, vimejaa wauguzi wa makamo walioshika madaftari. Siwalaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mshahara mpya unafuata cheo ulichoajiriwa nacho, na anayelipa karo kwa kutazama jedwali la mishahara bila kutazama muundo wa ajira wa wilaya yake amesoma nusu ya ukurasa.

Lipo pia suala la ruhusa ya masomo. Mtumishi wa serikali anayekwenda kusoma bila barua ya mwajiri anaweza kuhesabiwa kuwa ametoroka kazini, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya mshahara katikati ya muhula, wakati ambao ndio anaouhitaji zaidi. Mwajiri naye ana sababu za kusitasita: kituo chenye wauguzi watatu kikimruhusu mmoja, wawili waliobaki wanagawana usiku na mchana. Ndiyo maana kozi zinazomruhusu mtu kubaki kazini zimependwa sana. Chuo Kikuu cha Aga Khan, kilichofungua masomo ya uuguzi Kampala mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama kilivyofanya Kenya na Tanzania, kilijipatia jina kwa mpango wa namna hiyo, ambapo muuguzi mwenye diploma anahudhuria darasa siku chache za wiki na siku nyingine anaingia zamu yake kama kawaida. Kwa mama mwenye watoto, mpango huo una thamani kuliko jina la chuo lenyewe. Ubaya wake kwetu ni ule wa siku zote: Kampala iko mbali na Arua kwa safari ya basi ya usiku kucha.

Vijana wa shahada ya moja kwa moja nao wana kikwazo chao, ambacho ni utarajali. Bila mwaka ule hospitalini huwezi kusajiliwa kikamilifu, na ili uupate ni lazima Wizara ya Afya ikupangie hospitali na serikali iwe na fedha za posho. Katika miaka ya karibuni wahitimu wa udaktari, famasia na uuguzi wamesubiri kupangiwa kwa miezi mingi, na wale waliopangiwa wamegoma zaidi ya mara moja kwa sababu ya posho. Kwa hiyo ile miaka saba niliyoihesabu hapo juu, kwa wengine imekuwa minane, na mwaka huo wa ziada huupitisha nyumbani wakiwa na shahada ambayo bado haijawapa haki ya kumchoma mtu sindano.

Je, mgonjwa anafaidika na hizi karatasi? Swali hili tunalikwepa tunapozungumzia mishahara, nalo ndilo lenye uzito. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Linda Aiken, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Waligundua kwamba kila mara sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 5. Utafiti huo umenukuliwa kila mahali na watetezi wa shahada, wakiwamo wa hapa kwetu. Mimi naukubali kwa tahadhari. Watafiti haohao walionyesha pia kwamba idadi ya wagonjwa anaopewa muuguzi mmoja ina athari kubwa kwa maisha ya mgonjwa, na hilo ndilo linalonigusa, kwa sababu muuguzi wa hapa anaweza kukabidhiwa wodi nzima usiku, peke yake. Mpe huyo shahada mbili. Bado hataweza kuwa kwenye vitanda viwili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo sitasema kwamba shahada haikunipa kitu. Kabla yake nilijua kufuata maagizo kwa usahihi. Baada yake nilijua kuuliza kwa nini agizo limetolewa, na kusoma ripoti ya utafiti bila kuogopa majedwali. Nilijifunza kupanga bajeti ya wodi, kuandika barua ya kuomba vifaa ambayo mkubwa hawezi kuitupa, na kufundisha walio chini yangu kwa mpango. Ufundi wa mikono, yaani kupata mshipa wa mtoto aliyekauka maji, kumgundua mama anayevuja damu kabla kipimo hakijasema, huo niliupata kwenye kituo cha kijijini nilipokuwa mtu wa cheti, na sidhani kama ningeupata vizuri zaidi mahali pengine. Ukinipa timu ya kuchagua, nitataka mchanganyiko wa wote.

Ndugu walioko ng'ambo huongeza mkanganyiko. Mpwa wangu aliwahi kuniambia, “Shangazi, Marekani hawaulizi una nini, wanakupa mtihani tu.” Alikuwa amesikia nusu ya ukweli. Kule Marekani mtu anaweza kuwa muuguzi aliyesajiliwa kwa kozi ya takriban miaka miwili katika chuo cha jamii, au kwa shahada ya miaka minne, na wote wawili hukaa mtihani uleule wa leseni uitwao NCLEX-RN na hupata usajili uleule. Kozi hiyo fupi ilitokana na mapendekezo ya Mildred Montag mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati nchi hiyo ilipokuwa na upungufu wa wauguzi baada ya vita. Tofauti kati ya hao wawili huonekana baadaye, katika vyeo na katika hospitali zinazopendelea kuajiri wenye shahada. Mwaka 2010 taasisi yao ya tiba ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo mwaka 2020, na jimbo la New York likapitisha sheria mwaka 2017 inayowataka wauguzi wapya kupata shahada ndani ya miaka kumi tangu kusajiliwa. Juu ya shahada ya kwanza kuna ya uzamili, na juu yake kuna uzamivu wa utafiti na ule wa utendaji, unaowaandaa wauguzi wanaochunguza na kutibu wagonjwa wenyewe.

Kwetu mambo yamegeuzwa: kozi uliyosoma ndiyo inayoamua kitabu utakachoandikwa, na mtihani hauwezi kukuvusha. Muuguzi wa cheti wa Uganda hawezi kwenda kufanya NCLEX-RN kwa tumaini kwamba mtihani utamfanya kuwa aliyesajiliwa, kwa sababu kabla ya mtihani huo masomo yake yatachambuliwa na kulinganishwa, saa kwa saa, na masomo ya muuguzi aliyesajiliwa. Uingereza nayo, ambako tangu mwaka 2013 wauguzi wapya wote huandaliwa kwa kiwango cha shahada, ina mitihani yake ya ustadi kwa wageni. Zaidi ya hayo, Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi ambazo wahudumu wake wa afya hawapaswi kuwindwa na mataifa tajiri. Mtu binafsi anaweza kuomba kazi mwenyewe, lakini kwa Uingereza, wakala anayekuja hapa kukusanya watu hakubaliki. Anayesoma uuguzi kwa nia ya kuondoka aanze na diploma walau, na ahifadhi kila karatasi ya saa za mafunzo, maana shule yake ikifungwa hakuna atakayemwandikia upya.

Kuna njia za pembeni ambazo nitazitaja kwa kupita. Anayependa afya ya akili ana Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kampala, ambako mafunzo yake yana jina la muda mrefu. Afya ya jamii ina chuo chake pale Kyambogo. Wakunga wana ngazi yao inayokwenda sambamba na yetu, na Chuo Kikuu cha Lira kinatoa shahada ya ukunga. Wapo pia wauguzi wa mafunzo ya pamoja, wanaochanganya uuguzi wa kawaida, ukunga, akili na jamii; mpango huo uliletwa miaka ya 1990 ili mtu mmoja kituoni aweze kufanya mengi, na mabishano kuhusu kama mtu mmoja anaweza kweli kuyajua yote hayo vizuri hayajaisha.

Kuhusu shule za mtaani zinazotoa vyeti vya usaidizi wa uuguzi kwa miezi michache, nina neno moja: baraza haliwatambui wahitimu wake. Mzazi aende mwenyewe, aulize kama shule na kozi vimo katika orodha ya baraza, ndipo afungue mkoba.

Kwa kuwa tuko mpakani, wanaonijia si Waganda peke yao. Wakongomani waliovuka kutoka Aru na Ariwara, na wengine waliofika kama wakimbizi, wananiletea vyeti vyenye herufi A2, A1 au A0. A2 ni muuguzi aliyesomea uuguzi katika ngazi ya sekondari. A1 amesoma miaka mitatu katika taasisi ya juu. A0 ana shahada juu ya hiyo. Wengi wao hudhani A2 yao italingana na diploma yetu kwa kuwa waliisomea miaka minne, na hukasirika wakiambiwa inatazamwa chini ya hapo. Tatizo la pili ni lugha: vyeti viko kwa Kifaransa, mafunzo na mitihani ya hapa ni kwa Kiingereza, na Kiswahili tunachoelewana nacho sokoni na wodini hakina nafasi katika mlolongo huo. Nawashauri watafsiri nyaraka kwa mtafsiri anayetambulika, wapeleke barazani na wasubiri barua ya kulinganishwa kabla ya kujiandikisha shule yoyote. Shule ikikupokea bila barua hiyo, huenda ukamaliza masomo na usipate pa kusajiliwa.

Ngazi ya uzamili ndiyo inayonisumbua kwa sasa, na si kwa ajili yangu peke yangu. Makerere ina uzamili wa uuguzi katika ukunga na afya ya wanawake, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kule Mukono kina uzamili wa sayansi ya uuguzi, na vyuo vingine vimefuata. Wanaohitimu ni wachache, na wengi wao humezwa na mashirika, ambayo yana kazi tele katika makazi ya wakimbizi kama Bidibidi na Rhino Camp na hulipa kwa wakati. Wanaobaki ndio wanaotakiwa kufundisha katika shule za cheti na diploma pamoja na vyuo vikuu, kwa maana mwalimu hawezi kufundisha kiwango asichokuwa nacho. Mtu akishapata uzamili, huulizwa na kila mtu kwa nini bado anafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutandika kitanda chenye mgonjwa. Nimeomba nafasi ya uzamili kwa masomo yanayofuata, na safari hii nilianza kwa kwenda ofisi ya utumishi kuuliza kama muundo mpya una cheo cha mkufunzi mwenye karatasi hiyo. Kipo kimoja, hakina mtu, na fedha zake zimeombwa katika bajeti ijayo.